Mwiba wa Baharini Hautibiwi kwa Wembe

Mama mpendwa, tunakuandikia kutoka hapa Same. Huenda utajiuliza, hawa watu wa milimani wana habari gani za bahari? Sisi hatukuzaliwa pwani. Wengi wetu tulijifunza kuogelea ukubwani, na wengine hatujajifunza hadi leo. Lakini watoto wetu wanakwenda baharini. Shule zinawapeleka kutembea Tanga, wakati wa likizo wanakwenda kwa shangazi zao Dar es Salaam, na vikundi vya akina mama vya makanisa yetu hukodi basi mara moja kwa mwaka kwenda kupumzika pwani. Ndiyo sababu mwezi huu tumeona tuandike juu ya viumbe vya baharini vinavyochoma, na namna ya kumsaidia mtu aliyechomwa.

Tunaandika pia kwa sababu tuna deni. Sisi tunaoandika ukurasa huu ni wauguzi kwa kazi, na siku jambo hili lilipotokea mbele yetu, hatukujua la kufanya.

Safari yenyewe

Ilikuwa Desemba 2018. Akina mama wa usharika wetu pamoja na watoto tulipanda basi alfajiri. Tulipita Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, tukiimba njia nzima, na mchana tukafika Tanga. Kesho yake asubuhi tukaenda ufukweni Raskazone. Maji yalikuwa yamekupwa, watoto wakaingia wakikimbia. Wengi wao walikuwa wanaiona bahari kwa mara ya kwanza.

Haikupita nusu saa, tukasikia ukelele. Binti mmoja wa darasa la tano alikuwa amekanyaga kitu mchangani, maji yakiwa hayajamfika magoti. Tulipomtoa, damu ilikuwa inatoka karibu na kifundo cha mguu, mahali palipochanika urefu wa kidole. Alilia kilio ambacho sisi tuliozoea wodi ya wazazi na chumba cha vidonda hatukukizoea. Maumivu hayakutulia, yalikuwa yanapanda tu.

Mama mpendwa, kila mtu hutumia alichokijua nyumbani kwao. Kwetu Upareni mtu akichomwa na kitu chenye sumu, wa kwanza kukumbukwa ni nyoka. Mama mmoja akasema mguu ufungwe. Mwingine akatafuta wembe wa kuchanja. Wa tatu akauliza kama kuna mtu aliyekuja na jiwe la nyoka. Wembe tuliukataa. Lakini kanga iliyofungwa juu ya kifundo hadi mguu ukaanza kubadilika rangi, hiyo tuliifunga sisi wenyewe, kwa mikono hii iliyosomea uuguzi.

Pembeni palikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo na samaki. Akaacha karai lake akaja.

"Wanangu, mwafanya nini? Mtamkata mguu mtoto."

"Shikamoo bibi. Hatujui amechomwa na nini."

"Marahaba. Kachomwa na taa huyo. Fungueni kanga hiyo, mleteni kwangu nina maji ya moto."

Akamimina maji ya chai kwenye beseni, akayapoza kwa maji ya baridi, akaingiza mkono wake mwenyewe kuyapima. Kisha akautia mguu wa mtoto ndani. Kila maji yalipopoa, aliongeza. Baada ya muda kilio kikapungua kikawa kwikwi, na kabla ya saa moja kwisha mtoto alikuwa anaomba soda. Tulisimama pale kama wanafunzi. Baadaye tulimpeleka zahanati, jeraha likasafishwa, akapewa sindano ya pepopunda, tukarudi kwa wenzetu tukimshukuru Mungu.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri. Lakini haikuishia hapo.

Yaliyofuata nyumbani

Baba wa mtoto yule alikuwa ameikataa safari tangu mwanzo. Mama alimbembeleza kwa neno moja, kwamba muuguzi atakuwepo. Sasa waliporudi mtoto akichechemea, mama aliogopa. Akamwambia mumewe kwamba mtoto amejikata kwa chupa kidogo tu. Kidonda kilipoanza kutoa maji hakumleta kwetu wala hakumpeleka hospitali, maana daktari angeuliza, na baba angesikia. Akawa anakiosha kwa maji ya chumvi usiku, watu wakiwa wamelala.

Sisi nasi hatukwenda kuwaona. Tulijiambia kwamba mtoto amepona, na kusema kweli tulikuwa na aibu ya ile kanga. Wiki ya tatu mtoto alipata homa, mguu ukavimba, ndipo alipopelekwa hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha kipande kidogo cha mwiba kimebaki ndani. Kikatolewa, akapewa dawa za kuua vijidudu, na akapona. Leo ni msichana mkubwa, ana kovu tu.

Baba yake hakupiga kelele. Alitutazama akasema, "Mlikuwa na muuguzi." Maneno hayo mawili matatu tumekaa nayo miaka mingi. Kwa hiyo, mama mpendwa, soma yafuatayo ukijua kwamba tumeyajifunza kwa gharama, na gharama yenyewe alilipa mtoto wa mwenzetu.

Wajue wanaochoma

Viumbe hawa hawamwindi mtu. Wengi wao hujitetea tu wanapokanyagwa au kushikwa. Hawa ndio wanaowasumbua zaidi waogeleaji wa pwani yetu:

1. Taa. Huyu ni samaki bapa kama sinia, mwenye mkia mrefu. Hupenda kujifukia mchangani kwenye maji mafupi. Aina nyingi zina mwiba mkiani wenye meno kama msumeno, tena wenye sumu. Ukimkanyaga hupiga kwa mkia. Jeraha huwa la kuchanika, maumivu makali mno, na kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

2. Yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi pande zote, kama nungunungu aliyejikunja. Watu wa pwani wana majina yao, sisi hapa tutamwita nungunungu wa baharini. Hukaa kwenye mawe, matumbawe na majani ya baharini. Miiba yake ni myepesi kukatika, nayo hubaki ndani ya nyayo kama vijiti vyeusi.

3. Konyeza. Ni mlaini kama ute, huelea na maji, ana nyuzi zinazoning'inia. Nyuzi hizo zikigusa ngozi huacha mistari myekundu inayowaka kama moto. Hata konyeza aliyekufa ufukweni huweza kuchoma, kwa hiyo watoto wasimchezee kwa mikono.

4. Samaki wenye miiba ya sumu mgongoni. Mbaya kuliko wote ni yule anayefanana kabisa na jiwe, hulala chini bila kujongea. Lakini wamo pia samaki wa kawaida wa kuliwa, kama tasi na hongwe, ambao miiba yao huchoma.

5. Konokono wa baharini mwenye nyumba ya umbo la pia, iliyochongoka upande mmoja na yenye marembo mazuri. Watoto wanaookota makome humpenda kwa uzuri wake. Aliye hai ana kidude kama sindano, na sumu ya baadhi yao huweza kulegeza misuli hadi mtu akashindwa kupumua. Kanuni hapa ni moja: mtoto asiokote kome lolote lenye umbo hilo.

Aliyechomwa na mwiba

Kwa taa, nungunungu wa baharini, na samaki wenye miiba, fanya hivi:

Kwanza, mtoe majini na umketishe. Mtu mwenye maumivu makali huweza kuzimia na kuzama hata kwenye maji ya magotini.

Pili, kama damu inatoka sana, bana jeraha kwa kitambaa safi na uendelee kubana. Kubana juu ya jeraha ni tofauti na kufunga mguu kwa kamba. Usifunge.

Tatu, kama kipande cha mwiba kinaonekana juu juu, kitoe taratibu kwa kibanio. Lakini mwiba ukiwa umeingia kifuani, shingoni au tumboni, usiuguse kabisa, kwa sababu huenda ndio unaozuia damu. Mkimbize hospitali nao ukiwa vilevile. Mwaka 2006 huko Australia, mtangazaji mashuhuri wa vipindi vya wanyama, Steve Irwin, alichomwa kifuani na taa, naye akafa. Jambo kama hilo hutokea mara chache sana, lakini linatuonyesha kwamba mahali palipochomwa ni muhimu kuliko ukubwa wa kidonda.

Nne, na hili ndilo alilotufundisha bibi wa Raskazone, tia mguu au mkono uliochomwa ndani ya maji ya moto. Si ya kuchemka. Kipimo chake ni nyuzi joto 40 hadi 45, yaani maji ya moto kadiri mtu mzima anavyoweza kuyavumilia bila kuungua. Wewe mama una kipimo chake tayari: ni kiwiko kile kile unachopimia maji ya kumwogesha mtoto mchanga, ila haya yatakuwa moto zaidi kidogo. Pima wewe mwenyewe. Usimuulize mgonjwa, na usipime kwa mguu wake uliochomwa, kwa maana maumivu yamemfanya asihisi vizuri na anaweza kuungua. Mwache majini dakika 30 hadi 90, ukiongeza maji kila yanapopoa. Kabla ya kuongeza, mtoe mguu kwanza.

Kwa nini maji ya moto? Sumu ya viumbe hawa ina protini zinazodhoofishwa na joto, na joto lenyewe husaidia kutuliza maumivu. Hii si dawa ya kienyeji tu. Hospitali nazo huitumia.

Tano, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, kisha lifunike bila kulikaza. Paracetamol inaruhusiwa kwa kipimo cha umri wake. Watoto wasipewe aspirini.

Kwa miiba ya nungunungu wa baharini, toa ile inayoshikika tu. Usichokonoe kwa sindano ya nguo au pini, utaivunja zaidi na kupeleka uchafu ndani. Madoa meusi hubaki siku moja au mbili hata pale ambapo hakuna mwiba. Vipande vidogo sana mara nyingi huyeyuka au hutoka vyenyewe. Iliyozama sana, au iliyo karibu na kiungo cha kidole au kifundo, mwachie daktari.

Aliyechomwa na konyeza

Hapa kuna tofauti kidogo. Mtoe majini, suuza mahali palipochomwa kwa maji ya bahari, si maji ya bomba, wala usisugue kwa mchanga au taulo. Nyuzi za konyeza zina vifuko vidogo vidogo vya sumu, na maji yasiyo na chumvi na kusugua huvifanya vipasuke. Toa nyuzi zilizobaki kwa kibanio au kijiti, au ujifunge mfuko wa plastiki mkononi. Siki husaidia kwa aina fulani za konyeza, si kwa zote, kwa hiyo maji ya bahari ndiyo ya kuanzia. Nyuzi zikiisha kutoka, maji ya moto ya kipimo kile kile hutuliza maumivu.

Mambo ya kuacha

Usichanje kwa wembe. Usinyonye jeraha kwa mdomo. Usifunge kamba wala kanga ya kukaza. Usipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya meno. Usimkojolee mtu. Wengi tumesikia kwamba mkojo hutibu, nao hautibu. Wako pia wanaopaka utomvu wa papai kwenye miiba. Huo huwasha ngozi, na ukiingia machoni ni balaa, kwa hiyo kwa mtoto tuuache.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Usingoje maji ya moto wala kitu kingine ukiona mojawapo ya haya: kupumua kwa shida, uso au midomo kuvimba, kutapika, kuzimia, kifua kuuma, mwili kulegea, damu isiyokoma, jeraha la kifuani, tumboni, shingoni au jichoni, au mtoto mdogo aliyechomwa sehemu kubwa ya mwili. Aliyechomwa na yule samaki jiwe, au na konokono tuliyemtaja, apelekwe mara moja hata kama anaonekana mzima. Aliyechanwa na taa apelekwe siku hiyo hiyo, ili jeraha lichunguzwe kama kuna kipande kilichobaki.

Tena uliza habari ya pepopunda. Watoto wetu huchanjwa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14, nawe mama ulipata sindano zako wakati wa ujauzito. Beba kadi za kliniki safarini, au angalau ziandike tarehe zake kwenye daftari. Mganga akiuliza, usianze kukisia.

Na mkisharudi nyumbani, kiangalie kidonda kila siku kwa wiki mbili tatu. Kikiuma upya, kikivimba, kikitoa usaha, au mtoto akipata homa, rudi hospitali na useme wazi kwamba alichomwa na kiumbe cha baharini. Ukisema ni chupa, daktari atatibu chupa.

Kabla hamjapanda basi

Watoto wavae viatu vya plastiki vya kufunga, si ndala zinazochomoka. Viatu havizuii kila mwiba, lakini hupunguza. Wafundishe kuburuza miguu mchangani badala ya kuruka na kukanyaga kwa nguvu. Taa akisikia mchanga unatikisika, huondoka mwenyewe. Wasitembee juu ya mawe na majani ya baharini wasipoona chini. Mkifika, waulize wavuvi na akina mama wa pale: "Hapa pana nini siku hizi?" Wenyeji wanajua, ila hawawezi kumwambia mgeni asiyeuliza.

Kisha, katika mizigo, pamoja na pilau na maandazi, weka beseni moja, kibanio, sabuni, kitambaa safi, na chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto matupu. Sisi akina mama hatusafiri bila chupa ya chai. Mmoja apewe kazi ya kuzitunza, na asikubali mtu azimimine kwenye majani ya chai kabla watoto wote hawajatoka majini.

Nawe ambaye huendi pwani kabisa, usidhani ukurasa huu si wako. Kambale wanaoletwa sokoni kwetu kutoka Nyumba ya Mungu nao wana miiba migumu karibu na kichwa, na wengi wetu imetuchoma tukiwaparura. Osha kwa sabuni, tia mkono katika maji ya moto ya kipimo kile kile, na ukiona umevimba nenda zahanati.

Neno la mwisho

Tunamalizia kwa yule mama mwenzetu. Hakuwa mama mzembe. Alificha kidonda kwa sababu aliogopa kulaumiwa, na sisi tuliofunga kanga tulinyamaza kwa sababu ile ile. Mtoto akabaki na mwiba katikati ya hofu zetu mbili. Siku tulipokwenda kumwomba radhi, alitukaribisha, akatuwekea chai, akasema naye alikuwa anangoja tu mtu aje amwulize.

Baba mnaosomewa ukurasa huu jioni, tunawaomba: mtoto akirudi na jeraha, ulizeni kwanza limetunzwaje, lawama zingoje. Nawe mama, mwambie mumeo ukweli siku ile ile. Na kama katika kikundi chenu kuna mtoto aliyeumia safarini, msingoje aletwe kwenu. Nendeni mkamwone wiki hiyo hiyo, tena wiki inayofuata.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu. Tuonane mwezi ujao.